Siku ya hospitali: namna ya kupita OPD ya serikali na kutoka na majibu unayoyaelewa

Katika OPD, yaani idara ya wagonjwa wa nje, ya hospitali ya serikali yenye watu wengi, mgonjwa anaweza kukaa benchi tangu alfajiri hadi adhuhuri, kisha akazungumza na daktari kwa dakika chache tu. Dakika hizo chache ndizo alizozifuata. Foleni ya kadi, dirisha la malipo na maabara vyote vipo kwa ajili ya dakika hizo.

Nimekuwa nikiwasindikiza wazee wa familia yetu kwenye kliniki za presha na sukari hapa Dar es Salaam kwa miaka, na jambo moja naliona kila mara. Wagonjwa wawili wenye tatizo lilelile wanaingia chumba kimoja. Mmoja anatoka akijua anaumwa nini, dawa ni za nini na arudi lini. Mwingine anatoka na bahasha za dawa mkononi, ukimuuliza ameambiwa nini anasema, "Wamenipa dawa tu." Daktari ni yuleyule. Kinachowatofautisha ni maandalizi, na maandalizi hayo yeyote anaweza kuyafanya, awe amesoma au hajasoma, awe na bima au analipa taslimu.

Nimeandika nikiwa na hospitali za Tanzania Bara akilini. Aliye kwingine atabadilisha majina ya ofisi na namba za simu, mengine yatamfaa.

Kwanza amua: hii ni foleni au ni dharura?

Kuna wagonjwa wasiopaswa kukaa benchi hata kidogo, na bado huwa tunawakuta wamekaa, wamejikunja, kwa sababu ndugu zao hawakujua kwamba wanaruhusiwa kwenda moja kwa moja kitengo cha dharura.

Mtoto anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege, aliyelegea hata haamki vizuri, au anayepumua huku kifua kinabonyea kwa ndani: huyo ni dharura. Mjamzito anayetokwa damu, au anayeumwa kichwa kikali huku macho yanaona ukungu: dharura. Mtu mzima ambaye ghafla uso umepinda upande mmoja, mkono umelegea, au maneno hayatoki sawasawa: dharura, na kumbuka saa alipoanza, maana hilo ndilo swali la kwanza la daktari. Maumivu ya kifua yanayobana, kukosa pumzi, kutapika damu, kuumwa na nyoka, kuungua sana, vyote hivyo usikate kadi kwanza. Ingia, sema kwa sauti inayosikika, "Mgonjwa wangu hali mbaya, anashindwa kupumua." Taja dalili. Neno "anaumwa sana" linasemwa na kila aliye kwenye foleni, kwa hiyo halimwambii nesi kitu.

Aliyejeruhiwa kwa ajali au kupigwa ataulizwa fomu ya polisi, PF3. Mwenye hali mbaya ahudumiwe kwanza, ndugu mmoja akifuatilia fomu. Aliyebakwa afike hospitali haraka, kabla saa 72 hazijapita, kwa sababu dawa za kukinga VVU hazifanyi kazi baada ya hapo, na zinafanya kazi vizuri zaidi kadiri zinavyoanzwa mapema.

Kama hakuna dalili ya namna hiyo, endelea.

Chagua ngazi inayofaa

Huduma zetu zimepangwa kwa ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali ya kanda, halafu Muhimbili na taasisi zake. Kwa homa ya siku mbili, mtoto kuumwa tumbo, au kidonda cha kawaida, kituo cha afya cha karibu mara nyingi kitakuhudumia mapema kuliko hospitali za rufaa za mkoa kama Amana, Temeke au Mwananyamala, na vipimo vya msingi kitakuwa navyo. Mwenye bima naye anabanwa na ngazi: kwenda juu bila barua ya rufaa kunaweza kukufanya ulipe mwenyewe wakati kadi iko mfukoni. Wenye CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, hasa waanzie kituo cha ngazi ya chini.

Usiku wa kuamkia siku hiyo

Chukua mfuko mmoja, wa nailoni ngumu au wa kitambaa, uwe wa hospitali tu. Weka ndani:

- kadi ya hospitali au namba ya faili ya zamani, kadi ya bima na kitambulisho cha NIDA au namba yake;
- karatasi zote za vipimo vya nyuma, picha za eksirei, barua ya rufaa, daftari la kliniki;
- dawa zote anazomeza mgonjwa, na paketi zake.

Hicho cha mwisho kina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mgonjwa akisema "nameza kidonge cheupe kidogo cha presha", daktari hana la kufanya, maana vidonge vyeupe vidogo vya presha viko vingi. Paketi inasema jina na nguvu ya dawa. Weka na zile ulizonunua mwenyewe duka la dawa, na za mitishamba. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo, na bibi anayezimeza kila siku kwa ajili ya magoti mara nyingi hazitaji kwa sababu kwake hizo "siyo dawa za hospitali".

Kisha kaa na mgonjwa, mwandike mambo matatu au manne kwenye karatasi: linalomsumbua zaidi, lilianza lini, ameshatumia nini, na anachotaka kuuliza. Andika usiku huo nyumbani. Kwenye benchi kuna kelele na wasiwasi, na watu husahau.

Kama ni kliniki ya sukari, au umeambiwa utapimwa ukiwa na njaa, usile chochote kuanzia saa 4 usiku. Maji ya kunywa yanaruhusiwa. Dawa na sindano za sukari, isipokuwa daktari amekueleza vingine, zisubiri hadi damu itoke na chakula kiwe tayari, kwa sababu kujidunga insulini na kukaa benchi bila kula ni hatari ya kuzimia. Kwa hiyo beba chakula: ndizi, mkate, uji kwenye chupa. Dawa za presha ni habari nyingine. Zimeze asubuhi kama kawaida, kwa maji, isipokuwa umeelezwa vingine. Wagonjwa wengi huacha kumeza siku ya kliniki wakidhani daktari anataka kuona "presha yenyewe". Presha inasoma juu, daktari anaamini dawa haitoshi, anaongeza dozi, na wiki inayofuata mzee anaanguka bafuni kwa kizunguzungu.

Asubuhi: saa ya kufika na siku ya kuchagua

Kama unaweza kuchagua, epuka Jumatatu. Wote waliougua mwisho wa wiki wamejikusanya siku hiyo.

Fika mapema kwa ajili ya kadi na malipo, lakini usikasirike ukiona milango ya madaktari imefungwa saa 2. Asubuhi madaktari huwa na kikao chao cha taarifa ya usiku, na mabingwa hupita kwanza wodini kuwaona waliolazwa kabla hawajashuka OPD. Bingwa anaweza kuanza kliniki saa 3 au saa 4. Ukilijua hilo, muda huo utautumia kumaliza mambo ya madirisha, mzee akanywa chai yake, badala ya nguvu kuishia mlangoni.

Msindikizaji awe mmoja, na awe yule anayejua habari za mgonjwa. Mara nyingi tunamtuma kijana aliye nyumbani kwa sababu hana kazi siku hiyo, wakati anayempa bibi dawa kila jioni ni mjukuu wa kike aliye shuleni. Basi muulize mjukuu usiku, uandike. Kama mgonjwa anazungumza Kimakonde au Kisukuma vizuri kuliko Kiswahili, msindikizaji awe mwenye lugha hiyo.

Mapokezi, malipo na msamaha

Utaandikishwa, utapewa namba ya faili, na utalipia kumwona daktari. Malipo ya serikali yanakwenda kwa namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo, unalipa kwa simu au benki, risiti inatoka. Piga picha ya risiti kwa simu. Kama mtu anataka umpe fedha mkononi bila namba na bila risiti, hayo siyo malipo ya hospitali.

Hakikisha jina limeandikwa kama lilivyo kwenye bima na kitambulisho. "Mwanaidi" na "Mwanahidi" yanaweza kukupotezea asubuhi nzima kwenye dirisha la bima, na baadaye majibu ya vipimo yakakosa mwenyewe.

Watu wengi hawajui kwamba sera ya afya inatoa msamaha kwa makundi kadhaa: watoto chini ya miaka 5, wajawazito, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na baadhi ya magonjwa, yakiwemo kifua kikuu na VVU. Asiye na uwezo kabisa, hata kama hayumo kwenye makundi hayo, anaelekezwa ofisi ya ustawi wa jamii iliyo ndani ya hospitali. Nenda na barua ya serikali ya mtaa au kijiji inayothibitisha hali yako. Ofisi hiyo huwa kwenye korido ya pembeni na kibao chake ni kidogo, kwa hiyo uliza: "Samahani dada, ustawi wa jamii wako wapi?" Usione haya, ofisi ile imewekwa kwa ajili yako. Na mzee aulize dirisha la wazee kabla hajapanga foleni ndefu. Hospitali nyingi zinalo.

Presha, uzito na joto

Kabla ya daktari, nesi atachukua vipimo vya mwanzo. Hapa watu hupita haraka mno, na ninaomba msipite hivyo, hasa wenye presha.

Mgonjwa aliyeshuka daladala, akapanda ngazi, akaitwa jina mara ya pili na kukimbilia kiti, presha yake itasoma juu. Mtu anapaswa kuwa ametulia kama dakika 5, mgongo umeegemea, miguu yote iko chini, haijakunjwa, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, kibofu hakijajaa, na haongei wakati mashine inasoma. Kahawa na sigara viwe vimepita angalau nusu saa. Mpira wa mashine ufungwe juu ya mkono wenyewe, siyo juu ya sweta. Ukiona umeharakishwa, sema kwa adabu: "Sista, nimefika sasa hivi mbio mbio, naomba nipumzike kidogo ndipo unipime." Sijaona nesi aliyekataa ombi hilo.

Uliza namba uandike. Presha inayosoma 140 kwa 90 au zaidi, ikirudiwa siku tofauti, ndiyo inayohesabiwa kuwa ya juu kwa mtu mzima akipimwa hospitali. Kipimo kimoja siku ya wasiwasi hakitoshi kumpa mtu ugonjwa wa maisha, isipokuwa kiwe juu sana au ana dalili za hatari.

Chumbani kwa daktari

Salimia, kaa, na anza na lile kubwa. Wengi wetu tumefundwa adabu ya kuzunguka kwanza, tukaanza na mafua, tukaja mgongo, halafu tukiwa tumeshika kitasa cha mlango ndipo tunasema, "Na pia daktari, kuna uvimbe hapa kwenye titi." Uvimbe ule ndio uliokutoa nyumbani. Uwe sentensi ya kwanza.

Daktari akiuliza "Unasumbuliwa na nini?", majibu kama "mwili mzima", "homa za mara kwa mara" au "nina malaria" hayampi pa kuanzia. Hilo la mwisho ni baya zaidi, kwa sababu umeshamchagulia ugonjwa. Mpe dalili, wakati, na ulichojaribu. Kwa mfano:

"Daktari, nakohoa. Ni wiki ya tatu sasa. Natoa makohozi ya njano, usiku natoka jasho hadi shuka linalowa, na nguo zimeanza kunipwaya. Nilinunua amoksilini duka la dawa, nikameza siku tano, haikusaidia. Kaka yangu tunayekaa naye aliwahi kuugua kifua kikuu."

Kwa maneno hayo machache daktari ameshajua aagize nini. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi kinatosha kupimwa kifua kikuu, na dawa zake ni bure nchini. Aliyesema "nina kifua tu" anaweza kurudi nyumbani na dawa nyingine ya maji ya kikohozi.

Kwa maumivu, eleza yako wapi, onyesha kwa kidole, yanakwenda wapi, yanaletwa na nini, yanatulizwa na nini. Tumbo linalouma ukiwa na njaa na tumbo linalouma baada ya kula mafuta ni mambo mawili tofauti. "Kichomi" kikiwa unavuta pumzi si sawa na kifua kinachobana ukipanda ngazi.

Mambo haya yataje hata usipoulizwa: ujauzito au kunyonyesha, hata kama ni mashaka tu ya kuchelewa siku, aleji ya dawa, hasa penisilini na salfa, ugonjwa wa kudumu, sukari, pumu, selimundu, figo, vidonda vya tumbo, dawa za kila siku, ARV zikiwemo, na dawa za kienyeji. Madaktari wanajua watu wanatumia mitishamba. Ukificha, wanaweza kukupa dawa inayogongana nayo.

Chumba kikiwa na madaktari wawili na wagonjwa wawili, na jambo lako ni la siri, sema: "Daktari, naomba tuzungumze faragha." Unaruhusiwa pia kumwomba msindikizaji wako atoke, hata akiwa mume, mke au mama mzazi. Mwanamke anayepimwa na daktari wa kiume anaweza kuomba nesi wa kike awepo. Kipimo cha VVU kinahitaji ridhaa yako, na majibu ni yako.

Neno kwa wanaosindikiza wazee. Daktari atauliza, "Mama, dawa unameza?" na mama atajibu, "Nameza, mwanangu." Atajibu hivyo hata kama alimaliza dawa wiki 2 zilizopita, kwa sababu hataki kumvunja moyo kijana yule mpole. Muulize nyumbani, bila kumgombeza. Sababu huwa zipo na huwa nzito: fedha ziliisha, kidonge kinamkojoza usiku kucha, kilimkausha mdomo, jirani alimwambia dawa za presha zinaua figo. Sababu ikisemwa chumbani, daktari anaweza kubadilisha saa ya kumeza au dawa yenyewe. Mwache mzee aseme mwenyewe kwanza, wewe ongeza tu. Anayemzungumzia mzee kila kitu huku yeye yupo amemnyima heshima yake, na pia humnyima daktari habari.

Kabla ya kusimama, pata majibu ya maswali haya manne:

1. Unadhani naumwa nini?
2. Kipimo hiki ni cha kutafuta nini?
3. Dawa hii ni ya kazi gani, na nameza hadi lini?
4. Nikiona dalili gani nirudi kabla ya tarehe?

La nne ndilo linalosahaulika kuliko yote. Kisha rudia ulichosikia kwa maneno yako: "Kwa hiyo daktari, hizi za presha ni za kila siku hata nikijisikia vizuri, na hii ya kikohozi ni siku saba, sivyo?" Kama ulielewa vibaya atakusahihisha hapohapo.

Usidai dripu wala sindano. Anayeweza kumeza na hatapiki, kidonge mara nyingi kinamtosha, na sindano isiyohitajika ni gharama na maumivu ya bure.

Maabara

Uliza majibu yanatoka saa ngapi na yanafuatwa wapi. Angalia jina lako kwenye kichupa kabla hujaondoka dirishani.

Mkojo: jisafishe, mwaga wa mwanzo, kinga wa katikati. Ukikinga wa mwanzo, uchafu wa ngozi unaweza kukufanya uambiwe una yutiai (maambukizi ya njia ya mkojo) usiyo nayo. Choo: kipelekwe kingali kipya, kisichanganyike na mkojo wala maji. Makohozi: toka nje mahali penye hewa, vuta pumzi ndefu, kohoa kutoka chini kabisa ya kifua, maana mate hayana kitu cha kupima. Ultrasaundi ya nyonga mara nyingi hutaka kibofu kijae, ya tumbo hutaka uwe hujala. Uliza unapopewa karatasi, usisubiri ufike kwenye mashine.

Katika miji yetu mtu mwenye homa akipima hukosi kusikia utatu uleule: malaria, taifodi na yutiai. Uliza kila jina limetokana na kipimo gani. Kipimo cha haraka cha malaria kinaweza kuendelea kuonyesha ndiyo kwa wiki kadhaa baada ya kupona, kwa hiyo kama ulitibiwa mwezi huu, mwambie mpimaji na daktari. Na kipimo cha Widal, kinachotumiwa sana kusema mtu ana taifodi, kikiwa peke yake hakiaminiki, hasa huku kwetu ambako wengi wameshakutana na vijidudu vya jamii hiyo. Siyo ukorofi kumwuliza daktari, "Kuna namna nyingine ya kuhakikisha?"

Jambo moja la lazima: rudi kwa daktari na majibu. Wengi wakiona foleni imekuwa ndefu, wanachukua karatasi ya maabara moja kwa moja hadi duka la dawa. Karatasi ile haisemi ugonjwa. Inamsaidia daktari kuamua akiiweka pamoja na alichokusikia ukieleza.

Dirisha la dawa

Bahasha itaandikwa 1x3, 2x2 na kadhalika. Namba ya kwanza ni vidonge, ya pili ni mara kwa siku. 1x3 ni kidonge kimoja kila baada ya saa 8, siyo vitatu kwa mkupuo, wala siyo asubuhi, mchana na saa 12 jioni kisha usiku mzima bila kitu. Soma mbele ya mfamasia, uliza kabla au baada ya kula.

Baadhi yanayochanganya watu: metformini ya sukari humezwa pamoja na chakula, vinginevyo tumbo linachafuka. Siprofloksasini na doksisaiklini haziendi na maziwa. Flajili haiendi na pombe. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, kwa hiyo mwanamke aulize njia nyingine. Dawa mseto ya malaria kwa mtu mzima ni vidonge 4 kwa kila dozi: ya pili baada ya saa 8 tangu ya kwanza, kisha asubuhi na jioni hadi siku 3 ziishe, na inafyonzwa vizuri ikimezwa na chakula chenye mafuta kidogo. Homa itashuka kabla vidonge havijaisha. Malizia.

Insulini kwa asiye na friji: chupa inayotumika inakaa nje kwa takriban wiki 4 ikiwa mahali pa baridi. Kwa joto la Pwani, mtungi wa udongo wenye unyevu, chupa ikiwa imefungwa isiingie maji, unasaidia sana. Isiwekwe kwenye sehemu ya kugandisha.

Dawa ikikosekana hospitalini, usiondoke mikono mitupu. Omba cheti cha dawa kiandikwe kwa jina la kitaalamu, ili famasi ikupe ya bei nafuu yenye kazi ileile. Mwenye bima ya NHIF aulize fomu ya kuchukulia dawa nje, ile watu wanayoiita 2C, na famasi zipi za karibu zinaipokea. Bila kuuliza, wengi hununua kwa fedha zao dawa ambayo bima ingelipa.

Ukipewa rufaa

Barua iwe na ugonjwa unaodhaniwa, vipimo vilivyofanyika, na dawa ulizopewa. Uliza unakwenda kitengo gani na siku gani, kwa sababu kliniki za mabingwa huwa na siku zake kwa wiki. Mifupa na ajali za kichwa huenda MOI, taasisi ya mifupa iliyoko Muhimbili, moyo huenda Taasisi ya Jakaya Kikwete, saratani huenda Ocean Road. Kanda ya Ziwa ina Bugando, Kaskazini KCMC, Nyanda za Juu Kusini hospitali ya kanda ya Mbeya, na Dodoma ipo Benjamin Mkapa. Toa nakala ya kila karatasi kabla ya safari. Anayetoka Kigoma na picha moja ya eksirei, ikipotea stendi, itabidi aanze upya.

Ukitendewa vibaya

Wahudumu wengi wanafanya kazi nzito na wagonjwa wengi kupita uwezo wao. Hata hivyo kutukanwa, kuombwa fedha ya chai, au kurukwa kwenye foleni mara tatu havipaswi kunyamaziwa, kwa sababu anayefuata nyuma yako anaweza kuwa mama asiyejua kusoma.

Anza na muuguzi kiongozi wa eneo hilo. Mengi yanaishia hapo, siku hiyohiyo. Yasipoisha, uliza kitengo cha huduma kwa wateja au ofisi ya mganga mfawidhi. Namba za viongozi mara nyingi zimebandikwa ukutani. Eleza tarehe, saa, chumba au dirisha, na maneno yaliyosemwa. "Manesi wana roho mbaya" halifuatiliki. "Leo saa 5 asubuhi, dirisha namba 3, niliambiwa nitoe fedha bila risiti" linafuatilika. Wizara ya Afya ina namba ya bure, 199, na kwa rushwa TAKUKURU wana 113. Malalamiko ya kitaaluma dhidi ya daktari hupokelewa na Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa maandishi. Na aliyekuhudumia vizuri, andika jina lake utie kwenye sanduku la maoni.

Ukifika nyumbani

Piga picha karatasi zote, kisha zirudishe kwenye mfuko wa hospitali. Andika tarehe ya kurudi kwenye simu za watu wawili. Msomee mgonjwa dawa zake tena baada ya kula, akiwa ametulia, na kama macho yake hayaoni maandishi, chora jua na mwezi juu ya kila bahasha.

Kama homa haijashuka baada ya siku 3 za dawa, rudi, na urudi na karatasi zilezile hospitali ileile. Ukihamia kwingine bila karatasi unaanza mwanzo, na daktari mpya anaweza kukupa dawa ileile iliyoshindwa. Kwa wenye presha, sukari na kifafa, kama tarehe ya kliniki imeangukia siku usiyoweza, nenda kabla dawa hazijaisha. Ukifika dirishani siku mbili mapema utaambiwa tu usubiri kidogo. Ukichelewa wiki moja utakuwa umekaa wiki nzima bila dawa.